Mtoro, Muasi au Mkimbizi? Lugha na Ugumu wa Kisheria wa Kukabidhiana Watu Mpakani: Mafunzo ya Mwaka 1896

Ikisiri

Makala hii inachunguza matatizo ya kisheria yaliyozuka katika Pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1896, pale watu wawili waliotafutwa na Waingereza, Mbaruk bin Rashid al-Mazrui na Khalid bin Barghash, walipopata hifadhi kwa Wajerumani. Inadai kwamba kiini cha ugumu ule kilikuwa jina: mtu yuleyule aliitwa muasi upande mmoja wa mpaka na mkimbizi upande wa pili. Aidha, makala inapendekeza namna Kiswahili cha sheria kinavyoweza kulitaja tendo hili bila kumhukumu anayetajwa kabla hajasikilizwa.

1.0 Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mwamba ngoma huvutia kwake. Methali hii imefafanuliwa mara nyingi katika madarasa yetu ya fasihi simulizi kama onyo dhidi ya ubinafsi. Hata hivyo, yeyote aliyewahi kusoma historia ya mipaka ya Afrika Mashariki atatambua kwamba ni maelezo mazuri pia ya namna serikali zinavyotumia lugha. Kila serikali huuvuta msamiati upande wake. Aliyekimbia kutoka kwangu ni mhalifu. Aliyekimbilia kwangu ni mgeni anayeomba hifadhi.

Msukumo wa kuandika makala hii ulitokana na tukio dogo. Miaka michache iliyopita, nikikusanya data kuhusu ukalimani, niliketi katika chumba cha mahakama moja karibu na mpaka wa kusini mwa Pwani ya Kenya. Kijana mmoja alikuwa anatakiwa upande wa pili wa mpaka kwa tuhuma za wizi. Mkalimani alimweleza kwamba ombi lililo mbele ya hakimu ni kwamba "arudishwe kwao". Kijana akajibu kwa upole, "Mheshimiwa, kwetu ni hapa. Kule ni kwa mjomba." Watu walicheka, kesi ikaendelea. Mimi sikucheka. Neno moja la mkalimani lilikuwa limekwisha kuamua jambo ambalo hakimu alikuwa bado hajalisikiliza, yaani kijana yule ni wa wapi.

Swali linaloongoza makala hii ni hili: je, ugumu wa kukabidhiana watu baina ya dola mbili unatokana na sheria peke yake, au unatokana pia na maneno tunayoyatumia kuwataja wanaokabidhiwa? Ili kulijibu, tutarejea mwaka 1896, wakati Pwani yetu ilipokuwa imegawanywa baina ya Waingereza na Wadachi, kama Wajerumani walivyojulikana zama hizo.

2.0 Mtoro katika Kumbukumbu ya Pwani

Kabla ya kuingia katika mikataba ya Wazungu, ni muhimu tuliangalie neno ambalo Waswahili walikuwa nalo tayari. Kitenzi "toroka" na nomino yake "mtoro" si ngeni kwa msomaji yeyote. Leo tunamwita mtoro mwanafunzi aliyekosa darasa au mfungwa aliyevunja jela. Katika Pwani ya karne ya 19, hata hivyo, mtoro alikuwa hasa mtumwa aliyemkimbia bwana wake.

Watoro hao walianzisha makazi yao wenyewe. Fuladoyo, katika bara ya nyuma ya Takaungu, ni mfano unaotajwa mara kwa mara na wanahistoria. Wengine walikimbilia misheni ya Rabai. Mabwana walidai warudishwe, na madai yao yakawatia wamishonari na Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki katika mashaka. Kuwarudisha kulikuwa aibu mbele ya Waingereza waliojigamba kupiga vita utumwa. Kuwakatalia mabwana kulikuwa kuchochea vita. Suluhisho la George Mackenzie, mkuu wa Kampuni mjini Mombasa, lilikuwa la kibiashara: aliwalipa mabwana fidia, na tarehe 1 Januari 1889 watoro wapatao 1,400 wakapewa vyeti vya uhuru huko Rabai.

Suluhisho hilo lina somo la kiisimu. Kwa kulipa fidia, Kampuni ilikubali hoja ya mabwana kwamba mtoro ni mali iliyopotea. Mali iliyopotea hurudishwa kwa mwenyewe, na isiporudishwa hulipiwa. Kitenzi "rudisha" kilikuwa kitenzi cha mwenye mali. Hatudai kwamba kila atumiaye neno hili leo anafikiria utumwa. Tunachodai ni kwamba neno hubeba dhana: kinachorudishwa kinachukuliwa kuwa kina mahali pake, na mahali hapo pana mwenyewe.

3.0 Misingi ya Sheria ya Kukabidhiana Watuhumiwa

Sheria ya kimataifa haimwoni mtu kuwa mali ya dola. Kila dola ina enzi juu ya ardhi yake, na askari wa dola jirani hana ruhusa ya kuvuka mpaka kumkamata mtu, hata akiwa amemwona kwa macho akiua. Njia pekee ni kuomba. Maombi haya kwa kawaida huongozwa na mkataba, na mkataba huwa na masharti. Manne kati ya hayo yanatuhusu.

Kwanza, kosa linalodaiwa sharti liwe kosa kwa mujibu wa sheria za pande zote mbili. Pili, lazima uwepo ushahidi wa awali wa kumridhisha hakimu wa nchi inayoombwa. Tatu, mtu akishakabidhiwa hashtakiwi kwa kosa jingine tofauti na lile lililotajwa katika ombi. Nne, na hili ndilo lenye utata mkubwa zaidi, mtu hakabidhiwi kwa kosa la kisiasa.

Uingereza iliyaweka masharti haya katika sheria yake ya mwaka 1870, na miaka miwili baadaye, yaani 1872, ikatia saini mkataba na Ujerumani. Sheria ya 1870 ilikataza waziwazi kumkabidhi mtu ambaye kosa lake ni la kisiasa. Haikueleza, hata hivyo, kosa la kisiasa ni lipi. Kazi hiyo iliachiwa majaji.

Mwaka 1890 majaji wa London walipata fursa ya kulifafanua. Mtu mmoja aitwaye Castioni alikuwa amempiga risasi na kumwua mjumbe wa serikali ya jimbo la Ticino, Uswisi, wakati wa maasi ya mwaka 1890, kisha akakimbilia Uingereza. Uswisi ilimtaka. Mahakama ilikataa kumtoa, ikisema kwamba kitendo chake kilikuwa sehemu ya machafuko ya kisiasa. Mwaka 1894 mahakama hiyo ilikubali kumkabidhi kwa Ufaransa mtu aitwaye Meunier, aliyetuhumiwa kulipua mabomu mjini Paris. Hoja ya majaji ilikuwa kwamba ili kosa liwe la kisiasa sharti pawe na pande mbili, kila mmoja ukitaka kusimamisha serikali yake. Asiyetaka serikali yoyote hawezi kujificha nyuma ya siasa.

Kwa hiyo, kufikia mwaka 1894 Waingereza walikuwa na kipimo chao wenyewe: pande mbili zinazogombea utawala, na kitendo kilichofanywa ndani ya ugomvi huo. Tukiweke kipimo hiki akilini, kwani miaka miwili baadaye kiliwageukia.

4.0 Mbaruk bin Rashid: Muasi wa Nani?

Mpaka baina ya himaya ya Waingereza na koloni la Wajerumani ulichorwa kwa makubaliano ya 1886 na kuthibitishwa mwaka 1890. Ulianzia pwani karibu na mdomo wa mto Umba, ukapanda hadi Ziwa Jipe, ukauzunguka Kilimanjaro na kuishia Ziwa Viktoria. Wadigo walijikuta pande zote mbili, na bado wako pande zote mbili.

Mapema mwaka 1895 Salim bin Khamis, liwali wa Kimazrui wa Takaungu, alifariki. Kampuni ikamuunga mkono mwanawe Rashid dhidi ya Mbaruk, kijana mwingine wa ukoo huo aliyeamini kwamba zamu ilikuwa yake. Ugomvi wa urithi ukageuka vita, na vita vikamvuta mtu mwenye jina hilo hilo ila mwenye umri na sifa kubwa zaidi: Mbaruk bin Rashid wa Gazi, aliyekuwa amewasumbua masultani wa Zanzibar kwa muda mrefu. Mwezi Agosti 1895 ngome yake ya Mwele ilitekwa, lakini yeye hakupatikana. Ilibidi serikali ilete askari kutoka Bara Hindi. Aprili 1896, alipoona njia zimefungwa, alivuka mpaka pamoja na wafuasi wake na kujisalimisha kwa gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann. Wajerumani waliwanyang'anya silaha, wakakataa kuwakabidhi. Mbaruk aliishi Dar es Salaam hadi mwisho wa maisha yake.

Tuliangalie tukio hili kwa jicho la kisheria. Mbaruk aliitwa muasi. Neno "muasi" linahitaji yambwa: mtu humwasi fulani. Je, Mbaruk alimwasi nani? Ukanda wa pwani wa maili kumi ulikuwa milki ya Sultani wa Zanzibar. Vita vilipoanza, uliendeshwa na Kampuni kwa niaba ya Sultani. Katikati ya mwaka 1895, vita vikiendelea, Kampuni iliondoka na serikali ya Uingereza ikashika hatamu. Mkataba mpya baina ya Uingereza na Sultani kuhusu ukanda huo ulitiwa saini Desemba, vita vikiwa bado havijaisha. Mtu mmoja, katika vita kimoja, alipigana na mamlaka tatu zilizopokezana kijiti.

Isitoshe, himaya si koloni. Kwa mtazamo wa sheria ya Kiingereza, nchi iliyo chini ya himaya ilibaki kuwa nchi ya kigeni iliyolindwa, wala wakazi wake hawakuwa raia wa Malkia. Basi Uingereza ilikuwa inamdai mtu ambaye si raia wake, kwa kuasi katika ardhi isiyo yake, dhidi ya mtawala ambaye si Malkia. Wissmann hakuhitaji kuwa mwanasheria mashuhuri ili kuliona pengo hilo.

Tusiwapambe Wajerumani lakini. Ni Wissmann huyu huyu aliyeongoza vita vya 1889 dhidi ya Abushiri bin Salim, vita ambavyo Hemedi bin Abdallah al-Buhriy alivisimulia katika utenzi wake maarufu. Abushiri alinyongwa Pangani mnamo Desemba 1889. Huyo alikuwa muasi wa Wadachi, akafa kama muasi. Mbaruk alikuwa muasi wa Waingereza, akapewa makao. Tofauti ya watu hawa wawili haikuwa katika matendo yao; ilikuwa katika upande wa mpaka waliosimama.

5.0 Khalid bin Barghash: Hatua Moja Baharini

Miezi minne baadaye jambo kama hilo lilitokea Zanzibar, na safari hii kila mtu alilishuhudia. Tarehe 25 Agosti 1896 Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki ghafla. Khalid bin Barghash aliingia katika kasri na kujitangaza Sultani bila idhini ya Waingereza. Tarehe 27, saa tatu asubuhi, muda wa onyo ulikwisha. Manowari za Kiingereza zilianza kupiga mizinga, na katika muda usiozidi dakika arobaini kila kitu kilikuwa kimekwisha. Watu wapatao 500 wa upande wa kasri waliuawa au kujeruhiwa. Hamoud bin Mohammed akawekwa kitini.

Khalid alikimbilia katika ubalozi mdogo wa Ujerumani, mwendo mfupi kutoka kasri. Waingereza waliweka walinzi nje ya lango wamkamate akitoka, na wakamwomba balozi amtoe. Balozi alikataa. Jibu lake lilikuwa rahisi: mkataba baina ya dola hizi mbili hauhusu watu wanaotuhumiwa kwa makosa ya kisiasa. Tukitumia kipimo cha kesi ya Castioni, ni vigumu kumlaumu. Palikuwa na pande mbili, kila mmoja ukitaka kusimamisha Sultani wake. Sharti ambalo Waingereza walilitunga mwaka 1870 na majaji wao kulifafanua mwaka 1890 lilikuwa sasa limewafungia lango.

Likabaki tatizo moja. Khalid alikuwa salama ndani ya ubalozi, lakini akikanyaga barabara ya Zanzibar angekamatwa. Balozi aliahidi kumpeleka Afrika Mashariki ya Wajerumani bila yeye kukanyaga ardhi ya Zanzibar. Tarehe 2 Oktoba manowari ya Kijerumani, Seeadler, ilitia nanga bandarini. Maji yalipojaa, mashua yake ilisogea hadi kwenye lango la bustani ya ubalozi. Khalid akapiga hatua moja kutoka kwenye uwanja wa ubalozi hadi ndani ya mashua ya manowari, ambamo sheria ya Zanzibar haikuwa na nguvu. Kutoka hapo alipelekwa Dar es Salaam. Bamvua ndilo lililokuwa wakili wake.

Tukio hili hufanyiwa mzaha, lakini linaonyesha jinsi sheria ya kukabidhiana inavyoshikamana na ardhi. Hatua moja ilitenganisha jela na uhuru. Wala uhuru huo haukudumu. Mwaka 1916, wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, Waingereza waliingia katika koloni la Wajerumani na kumkamata Khalid. Safari hii hawakuhitaji ombi, mkataba wala hakimu, kwani mpaka uliomlinda ulikuwa umesogezwa kwa mizinga. Alihamishiwa Shelisheli na Saint Helena, kisha akaruhusiwa kurejea Afrika Mashariki. Alifariki Mombasa mwaka 1927, mji uliokuwa chini ya Waingereza wale wale.

6.0 Mpaka Unapofifia na Unaporejea

Visa hivi viwili viliwezekana kwa sababu mpaka ulitenganisha dola mbili zilizoshindana. Baina ya milki za Waingereza zenyewe, mambo yalikuwa tofauti. Sheria yao ya mwaka 1881 kuhusu watoro waliotoka milki moja ya Kiingereza kwenda nyingine haikuwa na kinga ya kosa la kisiasa. Milki jirani zilipowekwa pamoja, hati ya kukamata iliyotolewa upande mmoja ilihitaji tu kuidhinishwa na hakimu wa upande wa pili. Mtu hakuwa anakabidhiwa na dola kwa dola. Alikuwa anahamishwa kutoka chumba kimoja hadi kingine cha nyumba ile ile.

Tanganyika ilipoingia mikononi mwa Waingereza baada ya vita, mlango ambao Mbaruk aliupitia ulizibwa. Mstari ulibaki kwenye ramani, lakini kwa mpinzani wa serikali ya kikoloni mto Umba haukuwa tena mwanzo wa nchi ya kigeni.

Uhuru ulirejesha mipaka ya dola, na pamoja nayo maswali ya 1896. Katika miaka ya 1960 Kenya ilitunga sheria zake za kukabidhiana watuhumiwa, mojawapo ikiwa Sura ya 76, inayohusu nchi jirani na nchi za kigeni. Kwa nchi jirani ilihifadhi utaratibu wa hakimu kuidhinisha hati iliyotolewa ng'ambo ya mpaka. Utaratibu huu ni mwepesi, na wepesi wake unafaa kwa mwizi wa ng'ombe. Je, unafaa kwa mpinzani wa serikali?

Historia ilitujibu kwa ukali. Baada ya jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982, askari wawili wa Jeshi la Wanahewa la Kenya, Hezekiah Ochuka na Pancras Oteyo Okumu, walikimbilia Tanzania na kupewa hifadhi. Mpaka wa nchi hizi mbili ulikuwa umefungwa tangu 1977. Mnamo Novemba 1983, uhusiano ulipotengenezwa na mpaka kufunguliwa, askari hao walikabidhiwa Kenya, nayo Tanzania ikakabidhiwa watu wake iliowatuhumu kupanga kuipindua serikali. Ochuka na Okumu walihukumiwa na mahakama ya kijeshi na kunyongwa mwaka 1987. Mwaka 1896 uhasama wa majirani ulimwokoa mkimbizi. Mwaka 1983 upatanisho wao ulimwangamiza. Katika hali zote mbili, aliyeamua hatima yake hakuwa hakimu, bali hali ya hewa baina ya miji mikuu.

Mahakama zetu zimejaribu kurekebisha kasoro hii. Mwaka 2010, baada ya mashambulizi ya Kampala ya mwezi Julai, baadhi ya washukiwa walikamatwa Kenya na kupelekwa Uganda. Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua, kuhusu mmoja wao, kwamba kumhamisha bila kumfikisha mbele ya hakimu wa Kenya kulikuwa kinyume cha sheria. Uamuzi ulikuwa wa haki, ila ulitoka mshukiwa akiwa amekwisha kuvushwa mpaka. Kosa analodaiwa mtu laweza kuwa zito kupindukia. Hilo ndilo linaloufanya utaratibu uwe na haja zaidi.

7.0 Tutumie Neno Gani?

Baada ya historia hiyo, tunaweza kurejea kwa mkalimani wetu wa mpakani. Vitenzi kadhaa vinashindana kulitaja tendo hili: kurudisha, kurejesha, kuhamisha, kusafirisha, kusalimisha na kukabidhi. Nomino nazo ni nyingi: mtoro, mhalifu, muasi, haini, mshukiwa, mtuhumiwa, mkimbizi. Tukichunguza semantiki yake, tutaona kwamba si visawe hata kidogo.

"Kurudisha" na "kurejesha" hudokeza kwamba mtu ana mahali pake, na mahali hapo si hapa alipo. Tumeona asili ya mantiki hiyo Rabai. Aidha, maneno haya hayafai pale mtuhumiwa anapotakiwa na nchi ambayo si yake. "Kuhamisha" na "kusafirisha" hueleza mwendo tu, bila kutaja kwamba kuna dola mbili na makubaliano. Ndiyo maana huweza kuficha uvunjaji wa sheria. "Kusalimisha" humweka anayetoa katika nafasi ya aliyeshindwa. "Kukabidhi", kwa maoni yetu, ndicho kitenzi kinachofaa zaidi. Hudai mtoaji, mpokeaji na wajibu wa kuaminiana. Tena kauli yake ya kutendeana, "kukabidhiana", hudokeza kwamba wajibu huo ni wa pande zote mbili.

Kuhusu nomino, "mhalifu" humhukumu mtu kabla ya kesi. "Mtoro" humfananisha na mfungwa aliyevunja jela, jambo ambalo ni kweli kwa baadhi tu. "Muasi" na "mkimbizi" ni maneno ya mwamba ngoma, kila mmoja na upande wake. "Mtuhumiwa" ni bora, ila halimhusu aliyekwisha kuhukumiwa kisha akatoroka. Tunapendekeza "mtakiwa", yaani mtu anayetakiwa na dola nyingine. Neno hili linafuata kanuni za kawaida za uundaji wa nomino kutokana na kauli ya kutendwa, kama vile mshitakiwa na mteuliwa. Halisemi kama ana hatia au hana. Linasema jambo moja tu ambalo pande zote zinakubaliana: kwamba kuna anayemtaka. Hivyo, tungekuwa na "sheria ya kukabidhiana watakiwa".

Huenda msomaji akauliza, ya nini haya yote ilhali mahakama zina Kiingereza? Jibu ni kwamba Katiba ya Kenya ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Inampa aliyekamatwa haki ya kuelezwa sababu ya kukamatwa kwake kwa lugha anayoielewa, na mshitakiwa haki ya mkalimani bila malipo. Tanzania nayo, kwa marekebisho ya mwaka 2021, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Maana yake ni kwamba hati ya kukamata inaweza kuandikwa Kiswahili upande mmoja wa mpaka na kusomwa upande wa pili, kwa mtu aliyezaliwa na Kiswahili. Istilahi zikitofautiana, au zikibeba hukumu ndani yake, haki yake itakuwa imepungua kabla hajafungua kinywa.

8.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba ugumu wa kukabidhiana watu baina ya nchi jirani una sura mbili. Sura ya kwanza ni ya kisheria: enzi ya kila dola juu ya ardhi yake, utata wa hadhi ya himaya, na mashaka kuhusu maana ya kosa la kisiasa. Sura ya pili ni ya kilugha, nayo ndiyo inayotuhusu sisi wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili. Mbaruk na Khalid waliokolewa na maana ya neno moja katika mkataba. Ochuka na Okumu hawakupata hata nafasi ya kulibishania neno hilo mbele ya hakimu.

Tunapendekeza kwamba vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vishirikiane na vitivo vya sheria kuandaa faharasa ya istilahi za mpakani, ikihusisha wakalimani wa Lunga Lunga, Namanga, Taveta na Busia, ambao ndio hubeba mzigo huu kila siku bila kamusi. Kazi hiyo ianzie katika vyumba vya mahakama, kwa kusikiliza, kabla ya kufika maktabani.

Kijana yule wa mpakani alikuwa amelielewa jambo hili kuliko sisi tuliokuwa tumeketi nyuma na madaftari. Hakubisha kwamba anatakiwa. Alibisha neno "kwao".